Wikendi Rusinga: Jinsi ya Kulipia Chumba Kisiwani Bila Kuliwa Pesa

Wiki tatu kabla ya safari yetu ya ofisi kwenda kisiwa cha Rusinga, tuliliwa shilingi 18,000. Ndiyo, sisi wenyewe. Sisi ambao kila mara tunakukumbusha usimpe mtu PIN yako, usibonyeze kiungo usichokijua, usitume pesa kabla ya kuhakikisha. Tuliketi ofisini hapa Kisumu, chai mezani, simu mkononi, tukatuma pesa ya kushikilia vyumba kwa mtu ambaye hana hata kibanda cha kupangisha, sembuse nyumba ya wageni.

Tulikaa na aibu hiyo kwa muda. Halafu tukasema hapana, hebu tuieleze. Kama sisi tunaofanya kazi ya pesa kwa simu tulinaswa, basi mteja anayetafuta chumba saa tano usiku baada ya kazi anaweza kunaswa pia. Kwa hivyo leo tutakupeleka Rusinga kutoka Kisumu, hatua kwa hatua, na kila mahali pesa inapotoka kwenye simu yako tutasimama kidogo tuangalie.

Kwanza, kisiwa chenyewe

Watu wakisikia wikendi ya kisiwani, mawazo yanakimbilia Lamu au Diani. Lakini sisi wa Kisumu tuna visiwa vyetu. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, ila ndani ya kipande hicho kuna Rusinga, Mfangano, Takawiri na vingine vingi. Rusinga ndicho rahisi kufikia kwa sababu kimeunganishwa na mji wa Mbita. Zamani palikuwa na tuta lililozuia maji kupita kati ya kisiwa na bara. Siku hizi kuna daraja, na maji yanapita chini yake.

Kutoka Kisumu njia ni mbili. Ya kwanza ni ya barabara mwanzo hadi mwisho: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, halafu Mbita. Ya pili ni kupitia upande wa Siaya: Kombewa, Ndori, mpaka Luanda K'Otieno, kisha unavuka kwa feri hadi Mbita. Feri inabeba watu, mizigo na magari. Kama hujawahi kuvuka ziwa, chagua njia hii angalau mara moja, ukae juu upigwe na upepo.

Ukifika, mambo ya kuona hayakosi. Kaburi la Tom Mboya liko Rusinga, ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Mboya, ambaye asili ya familia yake ni kisiwa hiki, aliuawa kwa kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Ni yule yule aliyesaidia kuanzisha safari za ndege za kuwapeleka wanafunzi wa Kenya kusoma Marekani kuanzia 1959. Pia ni Rusinga ambapo Mary Leakey, mwaka 1948, alipata fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Ukiwa na siku ya ziada, panda boti Mbita uende Mfangano ukaone michoro ya kale kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga. Ama uende Takawiri, kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe, ukapige picha za kuwachanganya watu wa Mombasa.

Malazi yapo ya kila aina. Sisi tulitaka nyumba ndogo ya wageni iliyo kando ya ziwa: vyumba vichache, kila kimoja kimepambwa kivyake, chakula kinapikwa hapohapo, na mwenyewe ndiye anakukaribisha mlangoni. Nyumba za namna hii ni nzuri sana. Lakini kwa upande wa malipo zinahitaji macho zaidi, kwa sababu nyingi hazina ofisi mjini wala mfumo mkubwa wa kuhifadhi nafasi. Unapata namba ya simu, unaongea na mtu, unatuma pesa. Hapo ndipo tulipoteleza.

Jinsi tulivyoliwa

Tulikuwa watu sita. Tulichagua mwenzetu mmoja awe mweka hazina wa safari. Hatutamtaja jina, ametuomba, na tunampenda. Alipata ukurasa wenye picha safi kabisa: veranda, ziwa, samaki mzima kwenye sahani. Aliandika meseji, akajibiwa haraka na kwa adabu. Vyumba vitatu, usiku mbili, shilingi 6,000 kwa kila chumba kwa usiku mmoja. Jumla 36,000. Alitakiwa kutuma nusu, yaani 18,000, ili vyumba vishikiliwe. Tulichanga 3,000 kila mtu.

Mwanzoni mwenzetu aliomba namba ya till. Jibu likaja: "Dada, till yetu iko na shida ya mtandao tangu asubuhi. Tuma kwa namba ya meneja. Lakini fanya haraka, kuna kikundi kingine kinataka vyumba hivyohivyo."

Aliingiza namba. Jina likatokea kwenye skrini, la mtu binafsi, lisilohusiana na nyumba hiyo hata kidogo. Akasita. Akauliza, akaambiwa, "Huyo ndiye meneja mwenyewe." Akabonyeza.

Tuligundua baada ya dakika arobaini hivi, tena kwa bahati. Mmoja wetu hali samaki, kwa hivyo mweka hazina akapiga simu kuuliza kama kuna kuku. Simu imezimwa. Akajaribu tena, imezimwa. Tukaitafuta nyumba ile kwenye ramani ya intaneti, tukapata namba nyingine kabisa. Mama mmoja akapokea. Akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole, "Poleni sana, watoto wangu. Nyinyi ni kikundi cha tatu mwezi huu. Hizo picha ni za nyumba yangu, lakini hiyo namba si yangu."

Tuliripoti hapohapo. Katika zile 18,000, 15,600 zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Zilizobaki kwenye akaunti ya yule mtu, 2,400, zilizuiwa, na baada ya uchunguzi zikarudi. Kila mmoja wetu akapoteza 2,600.

Kwa nini pesa ikishaenda hairudi kirahisi

Swali hili tunaulizwa kila siku: "Si nyinyi mnaona pesa imeenda wapi? Kwa nini msirudishe tu?" Ni swali la haki, na jibu lake linafaa kueleweka na kila mtu mwenye laini.

Pesa kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007, uzuri wake mkubwa ulikuwa kasi. Ukibonyeza kutuma, mfumo unapunguza kwenye akaunti yako na kuongeza kwenye akaunti ya mwenzako papo hapo. Hakuna kusubiri kama hundi ya benki. Mzazi wako Bondo anapata pesa kabla hujarudisha simu mfukoni. Lakini kasi ileile inamfanyia kazi tapeli pia. Akishapokea, anakwenda kwa wakala, anatoa pesa taslimu, na hapo pesa imetoka nje ya mfumo. Sisi tunaweza kuzuia kilichobaki kwenye akaunti. Noti zilizo mfukoni mwake hatuwezi kuzifikia.

Jambo la pili: hatuwezi kurudisha pesa kwa neno la mtumaji peke yake. Fikiria mtu wa bodaboda aliyekubeba kutoka Mbita hadi mwisho wa Rusinga. Umemlipa, ameondoka. Ukipiga simu useme ulikosea namba, nasi tukurudishie bila kuuliza, basi tumemwibia yeye jasho lake. Ndiyo maana ombi la kurudishiwa pesa linapitia uhakiki, na anayedaiwa kupokea kimakosa naye anasikilizwa.

Ukiweka mambo hayo mawili pamoja, unaona kwamba ulinzi wako mkubwa zaidi uko kabla ya PIN. Baada ya PIN tunabaki kupambana na saa.

Uliza jina kabla ya kuingiza namba

Kama utakumbuka jambo moja tu katika makala hii, liwe hili.

Kabla ya kila malipo, skrini inakuonyesha jina la mpokeaji. Wengi wetu tunalisoma jina hilo kama salamu tu. Mwenzetu alilisoma, akaona si lenyewe, lakini maelezo yakaja baadaye: "Huyo ndiye meneja." Maelezo yanayokuja baada ya jina kutokea hayana thamani, kwa sababu jina lolote linaweza kupewa maelezo. Lingetokea jina la mwanamume, angekuwa meneja. Lingetokea la mwanamke, angekuwa mhasibu.

Kwa hivyo geuza utaratibu. Kabla hujaingiza namba yoyote, piga simu uulize: "Nikiweka hii namba, ni jina gani litatokea?" Liandike mahali. Halafu ingiza namba ulinganishe. Yakifanana, umevuka hatua moja. Yasipofanana, simama. Usiulize kwa nini, usipokee maelezo. Rudisha simu mfukoni kwanza.

Na tuseme ukweli: biashara nyingi ndogo za kisiwani bado zinapokea pesa kwa namba ya kawaida ya mwenyewe. Hilo peke yake si wizi. Mama aliyetupokea Rusinga ana till, lakini jirani yake anayekodisha boti hana. Ndiyo maana hatukuambii ukatae kila namba ya mtu binafsi. Tunakuambia ulijue jina mapema, kutoka kwa mtu uliyemhakiki kwa njia nyingine.

Maswali manne kabla ya kutuma pesa ya kushikilia chumba

1. *Namba hii nimeipata wapi, na kuna mahali pengine inapoonekana?* Picha huibwa kwa sekunde moja. Linganisha namba ya kwenye ukurasa na ile ya kwenye ramani, au muulize mtu aliyewahi kulala pale. Ukurasa uliotunasa ulikuwa umefunguliwa mwezi uleule, na sehemu ya maoni ilikuwa imefungwa. Tungeangalia, tungeona.

2. *Nimeongea na mtu kwa sauti?* Meseji zinaweza kuandikwa na yeyote. Piga simu. Bora zaidi, piga ya video umwombe akuonyeshe chumba na ziwa wakati huohuo. Mwenye nyumba halisi atafurahi kujionyesha. Tapeli atakuambia kamera imeharibika.

3. *Kwa nini naharakishwa?* "Vyumba vinaisha," "bei hii ni ya leo tu," "kuna kikundi kingine." Wakati mwingine ni kweli, hasa Desemba na sikukuu. Lakini biashara ya kweli inaweza kukusubiri dakika kumi upige simu moja. Asiyeweza kusubiri dakika kumi, mwache aende na hicho kikundi kingine.

4. *Masharti yameandikwa?* Ukiahirisha, pesa inarudi au inahamishiwa tarehe nyingine? Ziwa likichafuka boti isiende, inakuwaje? Omba jibu kwa maandishi, hata kama ni meseji ya WhatsApp, pamoja na tarehe, idadi ya vyumba, bei na kiasi ulicholipa.

Na usitume yote. Kama ni mara yako ya kwanza mahali hapo, omba kutuma sehemu ndogo, umalizie ukifika na kuuona mlango. Sisi mara ya pili bei halisi ilikuwa 7,500 kwa chumba kwa usiku mmoja, jumla 45,000. Mama alitaka nusu, 22,500, yaani 3,750 kwa kila mtu. Tulipomweleza hofu yetu, alikubali tutume theluthi moja, 15,000, tumalizie mezani baada ya kula. Ungedhani ni mtu aliyekosewa na sisi, jinsi alivyokuwa mpole.

Tazama pia hiyo tofauti ya bei. Tapeli alitupa 6,000 mahali ambapo bei halisi ni 7,500. Hakushusha mno, maana angetushtua. Alishusha kiasi cha kutufanya tujione wajanja.

Pesa ya kikundi si pesa yako

Kilichotuumiza zaidi hazikuwa zile 2,600. Ilikuwa kumwona mwenzetu ameinama mezani anasema atatulipa wote kutoka mshahara wake. Pesa ya kikundi ina uzito wake. Mtu akipoteza yake, atanyamaza. Akipoteza ya wenzake, halali.

Tuliongea tukakubaliana kwamba hasara ni yetu sote, kwa sababu sote tulikuwa kwenye kikundi kile cha WhatsApp, tukaona picha zilezile, tukamwambia "lipa tu, vyumba vitaisha." Baada ya hapo tukaweka utaratibu. Unaweza kuuchukua kwa chama chako, kwaya yako au marafiki zako:

- Mweka hazina asilipe peke yake. Kabla ya malipo yoyote yanayozidi kiasi mlichokubaliana, anatuma namba na jina kwenye kikundi, na mtu mmoja mwingine anapiga simu kuhakikisha.
- Pesa za safari zikae kando na pesa zake za matumizi. Kama una akaunti ya akiba kwenye laini yako, ziweke huko, uzitoe siku ya kulipa.
- Kila malipo, meseji ya uthibitisho inanakiliwa kwenye kikundi. Ndani yake kuna namba ya muamala, jina, kiasi, tarehe na saa. Hesabu inajifunga yenyewe.
- Asiyekuwa na mchango kwa wakati asikope kwa simu ili tu asiachwe nyuma. Mkopo wa simu una ada, na wikendi ikiisha deni linabaki. Afadhali safari isogezwe hadi mwisho wa mwezi.

Siku ya safari: malipo madogo madogo

Safari ya kisiwani haina malipo makubwa mengi. Ina madogo mengi. Matatu, feri, bodaboda, soda, mahindi ya kuchoma, boti, mtu wa kukuongoza, samaki. Kila moja linakwenda kwa mtu tofauti, mara nyingi umesimama, una mzigo begani na watu nyuma yako wanasukumana. Haraka kama hiyo ndiyo inayofanya mtu akosee tarakimu moja.

Pale penye till, tumia till. Kwa kawaida mteja hakatwi ada akilipa kwa till, na jina la biashara linatokea. Kwa bodaboda na wengine wanaopokea kwa namba ya kawaida, acha yeye aitamke namba, wewe uiandike, halafu msomee jina kwa sauti. "Ni wewe?" Akisema ndiyo, ndipo uingize PIN. Inachukua sekunde tano.

PIN ingiza mwenyewe. Hata kama jua ni kali skrini haionekani, hata kama mikono imelowa maji, usimpe mtu simu akusaidie. Sogea kivulini.

Kubalianeni bei ya boti kabla hamjapanda, na uliza kama ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi. Lipeni mkiwa bado nchi kavu, maana ndani ya ziwa mtandao unaweza kukatika, na mtu akitaka pesa katikati ya maji wakati meseji haiingii mtagombana bure. Mkiwa hapo ufuoni, ombeni jaketi za kuokoa maisha, kila mtu ya kwake. Vukeni asubuhi kama mnaweza. Mchana upepo huamka na mawimbi huwa makubwa.

Mambo mawili ya afya, kwa sababu tunakupenda: eneo hili lina malaria, kwa hivyo lala ndani ya chandarua. Na kuna kichocho, kinachoenezwa na konokono wa majini, hasa penye magugu kando ya ufuo. Muulize mwenyeji kabla ya kuoga ziwani.

Wakala wa kisiwani na pesa taslimu

Wengi hufikiri wakala ana pesa bila mwisho. Sivyo. Wakala ana mafungu mawili: pesa taslimu kwenye droo, na floti, yaani pesa iliyo kwenye simu yake. Wewe ukiweka pesa, noti zinaingia kwenye droo na floti yake inapungua. Ukitoa, floti inapanda na droo inapungua. Mawakala wa mjini wakiishiwa na noti, benki iko karibu. Wa kisiwani anaweza kulazimika kusafiri hadi mjini ndipo ajaze droo.

Sasa fikiria ufuoni asubuhi. Wavuvi wa omena wamekesha ziwani na taa zao, wamerudi, wanunuzi wamefika, watu wanataka noti. Ukija wewe mgeni mchana kutoa 10,000, unaweza kuambiwa, "Pesa hakuna, labda jioni." Hakuna aliyekukosea. Droo imekauka tu.

Kwa hivyo toa pesa taslimu ukiwa Kisumu au Mbita, kiasi kidogo cha kutosha siku mbili, tena kwa noti ndogo. Noti ya 1,000 kwa mama anayeuza mahindi ni shida kwake na kwako. Zilizobaki ziache kwenye simu. Chaji simu kabla ya kuvuka na beba chaja ya akiba, kwa sababu simu ikizima, pochi yako imezima.

Na ukifika kwa wakala, mwombe yeye akutajie namba yake ukiwa unaangalia bango lake, uhakikishe jina, na uhesabu pesa mbele yake kabla hujaondoka.

Ukishakosea au kutapeliwa

Usianze na kulia, wala usianze na kumtukana tapeli kwenye meseji. Anza na saa.

1. Piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, au tumia sehemu ya kuomba kurudishiwa pesa kwenye menyu. Uwe na namba ya muamala. Kila dakika inayopita ni nafasi ya pesa kutolewa. Sisi zile 2,400 ziliokolewa kwa sababu tulipiga hapohapo. Tungegundua dakika kumi baada ya kutuma, pengine tungeokoa nyingi zaidi.
2. Usifute chochote. Meseji, picha za ukurasa, namba, yote ni ushahidi.
3. Ripoti kituo cha polisi upate namba ya OB. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018, na uchunguzi unahitaji mahali pa kuanzia.
4. Mjulishe mwenye biashara halisi. Naye anaumia, jina lake linachafuliwa.
5. Jihadhari na tapeli wa pili. Baada ya kuliwa, mtu anaweza kukupigia akisema anatoka kwetu, eti atakurudishia pesa ukimpa PIN au ukituma ada kidogo. Hatuombi PIN. Hatuombi ada ya kurudisha pesa yako.

Kama wewe ndiye mwenye nyumba ya wageni

Upande wako pia una hatari. Mgeni anaweza kukuonyesha meseji ya malipo ambayo ameitunga mwenyewe. Usiangalie simu yake, angalia yako. Pesa haijaingia kwenye salio lako, haijalipwa. Na ukipigiwa simu kwamba "nimetuma zaidi kimakosa, nirudishie," kagua salio kwanza, halafu umwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja.

Fungua till yenye jina la nyumba yako, jina lilelile lililo kwenye bango la barabarani. Iandike mapokezi, kwenye ukurasa wako na kwenye ramani, pamoja na maneno haya: "Malipo yote kwa till hii. Jina litakalotokea ni hili." Mstari huo mmoja ungetuokoa sisi.

Mwishowe tulifika

Tulivuka Jumamosi asubuhi kutoka Luanda K'Otieno. Mama alikuwa mlangoni. Tulikula ngege wa kukaanga, ugali na mboga za kienyeji, na yule asiyekula samaki akapata kuku wake. Usiku tuliona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa ziwani kama mji mwingine.

Baada ya chakula ikafika saa ya kumalizia 30,000. Mwenzetu akasukuma simu katikati ya meza, akasema mtu mwingine alipe. Tukakataa. Tukamwambia yeye bado ndiye mweka hazina. Akaichukua, akaingiza namba ya till, akasoma jina kwa sauti mpaka Mama akacheka: "Ndiyo, mwanangu, ni mimi." Akaweka PIN. Meseji ikaingia kwa wote wawili.

Sasa ni zamu yako. Una safari mwezi huu? Kabla hujatuma pesa ya chumba, piga simu moja uulize jina. Halafu mtumie makala hii yule mtu wenu anayeshika pesa za kikundi. Safari njema, na mkifika Rusinga mtusalimie ziwa.